Mbegu za nyanya cheri za supamaketi: zimeota vizuri, sasa miche inalala mmoja mmoja

Mama Nasra (Kigamboni)

Wadau wa bustani, habari za jioni. Naomba msaada, na tafadhali msiniambie nikamuone bwana shamba. Wa huku kwetu ukimtajia nyanya za kwenye ndoo anacheka mpaka anashika tumbo.

Iko hivi. Wifi yangu alikuja na kikasha cha zile nyanya ndogo za duara, nyanya cheri, kanunua supamaketi. Mwanangu wa mwisho ni yule mtoto ambaye akiwekewa kachumbari anachambua nyanya moja moja na kuzipanga pembeni mwa sahani. Hizo alimaliza karibu kikasha kizima akiwa amesimama mlangoni pa friji. Nikaokoa chache zilizoanza kulegea, nikazikamulia kwenye kikombe, mbegu nikazisuuza kwenye chujio la chai na kuzianika kwenye gazeti. Mwezi wa pili nikazimwaga kwenye beseni lililopasuka, udongo nimechota chini ya mwembe, mweusi mzuri, nikaliweka barazani kuku wasilifikie.

Ziliota zikajaa beseni. Zilipofika kimo cha kidole zikawa ndefu, nyembamba, zote zimeinamia upande wa uani kwenye mwanga. Kisha zikaanza kulala. Naamka nakuta mche umeanguka, majani yake bado ya kijani, lakini ukitazama shingo, pale shina linapogusana na udongo, pamesinyaa pamekuwa uzi wa kahawia. Kesho yake unaanguka wa pembeni, keshokutwa unaofuata. Sasa kuna kipara cha duara katikati ya beseni na kinapanuka. Namwagilia asubuhi na jioni, maji ya kisima. Ya kwetu yana chumvichumvi, birika linaota ukoko mweupe.

Iliyobaki naiokoaje? Na hata ikikua, itazaa kweli? Jirani kaniambia mbegu za nyanya za dukani ni za kisasa, nitalea majani mpaka nizeeke. Ndoo za rangi za lita 20 ninazo, na ukuta wangu wa mashariki unapata jua la asubuhi mpaka saa sita hivi.

Kibuyu

Nyunyizia majivu ya jikoni, halafu saga maganda ya mayai uchanganye kwenye udongo. Bibi yangu hakuwahi kununua dawa.

Fundi wa Kinyerezi

Mama Nasra, pole. Mimi kazi yangu ni kuvuta nyaya, lakini nyanya hizi nimezipanga ukutani kwangu misimu mingi, na mke wangu siku hizi anaanika nguo mbele ya nyumba kwa sababu uani pamejaa ndoo.

Hicho ni kinyausi. Hiyo shingo iliyosinyaa na kipara kinachopanuka ndivyo vinavyokitambulisha. Ni vimelea vya ukungu vinavyokaa udongoni, na udongo wa chini ya mwembe wenye majani yanayooza ni makazi yao. Mti mkubwa hauna habari navyo. Mche mchanga, ukiuongezea maji mara mbili kwa siku, msongamano na baraza isiyopitisha upepo, hauna pa kukimbilia. Ukishasinyaa shingo hauna dawa, na majivu ya Kibuyu, kwa heshima zote kwa bibi, hayataunyanyua.

Fanya kazi hii leo, usingoje Jumamosi. Chota kwa kijiko miche iliyolala pamoja na udongo wake, katupe mbali. Iliyosimama ihamishe, kila mmoja na chombo chake. Chupa za maji za nusu lita zilizokatwa na kutobolewa chini zinatosha. Udongo usiwe ule wa mwembe. Kigamboni mchanga mnao tayari, kwa hiyo changanya makopo mawili ya udongo wa kawaida na moja la samadi iliyooza kabisa, ile ambayo ukiinusa inanuka udongo, hainuki zizi. Umwagie birika zima la maji yanayochemka, uache upoe na ujichuje mpaka ukiukamata kiganjani unashikana bila kutoa maji.

Wakati wa kuhamisha, shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina halina akiba. Na hapa ndipo urefu wa miche yako unapokufaa: izamishe mpaka karibu na yale majani mawili ya kwanza. Shina la nyanya linatoa mizizi popote linapofukiwa, kwa hiyo wembamba wote ule unaingia chini na kuwa kazi ya mizizi.

Baada ya hapo maji ni asubuhi tu, na ni bora mche unywe kutoka chini. Simamisha chupa kwenye sinia lenye maji, uso wa udongo ukianza kubadilika rangi zitoe. Maji ya kisima yaweke kando kwa sasa. Chumvi ambayo mti mkubwa unaivumilia, mche inauunguza ncha za majani na kuuzuia kunywa. Masika yako mlangoni, tega ndoo chini ya bati. Baadaye, kwenye ndoo kubwa, ukilazimika kutumia ya kisima, mara moja moja mwagilia mpaka maji yatoke matundu ya chini, yaondoke na chumvi. Na barazani itoe. Kivuli ndicho kilichoirefusha. Ianzishe na jua la saa moja hadi saa tatu, uongeze kidogo kidogo mpaka izoee.

Sasa jirani. Kashika nusu ya habari. Nyanya nyingi za vikasha ni chotara, F1, yaani zimetokana na wazazi wawili waliochaguliwa na kuoanishwa. Mbegu iliyomo ndani inaota na inazaa bila wasiwasi. Ila watoto hawafanani na mama, wala wao kwa wao. Udogo wa tunda kwa kawaida haupotei, maana kwenye nyanya udogo ni tabia yenye nguvu. Kinachotawanyika ni utamu, unene wa ganda, umbo na wingi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na wengi hapa watanibishia: usilee miche mitatu ukaipenda yote. Lea kumi, au kumi na mbili kama ndoo na madumu yanaruhusu, halafu ulimi uamue. Kwangu toleo la kwanza kulikuwa na mti mtamu ambao mvua ikinyesha matunda yote yanapasuka. Kulikuwa na mwingine wenye ganda la kutafuna mpaka taya lichoke. Kulikuwa na mmoja mchungu kidogo ambao mama mkwe aliusifu kwa kachumbari, nikauacha kwa ajili ya amani. Na mmoja karibu na geti ndio tuliokubaliana nyumba nzima. Huo sijaupanda tena kwa mbegu. Nyanya ina machipukizi yanayotoka kwapani, kati ya jani na shina kuu, ambayo watu huyakata na kutupa. Likifika urefu wa kiganja ling'oe asubuhi, toa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini. Wiki moja hadi mbili linakuwa na mizizi, na huo ni mti ule ule wa getini, ladha ile ile. Wengine nimewang'oa bila huruma.

Ukitaka kwenda kwa mbegu, inawezekana pia. Kila msimu chukua mbegu za mti bora peke yake, na ndani ya vizazi sita hadi vinane hivi utakuwa na nyanya yako isiyobadilikabadilika. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hazichanganyikani ovyo. Mbegu zenyewe usizisuuze tu kwenye chujio. Ziache na utelezi wake kwenye glasi, maji kidogo, kitambaa juu, siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachie. Utelezi ndio unaozuia mbegu isiote ndani ya tunda. Kwa joto letu usizidishe, zitaanza kuota humo humo. Suuza, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kwenye sahani. Kwenye gazeti zinagandana na habari za michezo.

La mwisho ni majira. Hata hiyo miche ya Februari ingekua bila kinyausi, ungelia mbele ya safari. Dar usiku wa Januari mpaka Machi joto linakaa karibu nyuzi 25, na nyanya ikikosa usiku wa baridi ua halishiki, linakatika pale kwenye kifundo na kudondoka. Nyanya cheri zinavumilia kuliko zile kubwa, lakini nazo zina kiwango chao. Mimi nasia mwishoni mwa Machi mpaka Aprili chini ya bati, nahamishia kwenye ndoo mwezi Mei masika yakilegea, maua yanakuta kipupwe cha Juni. Kuanzia Julai au Agosti unachuma. Iliyobaki kwenye beseni ihamishe, lakini sia na nyingine sasa hivi.

Mama Nasra

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimehamisha jana jioni, nimepata miche kumi na saba iliyosimama. Mtoto ameiandika majina kwenye chupa, mmoja anauita Diamond, kwa hiyo hiyo habari ya kung'oa bila huruma tutaona.

Kitu kimoja kimenishtua. Miwili mirefu zaidi ina vinundu vidogo vyeupe kwenye shina kwa chini, kama vipele vya joto. Ni ugonjwa mwingine?

Fundi wa Kinyerezi

Hapana, hiyo ni mizizi inayotafuta udongo. Unyevu ukiwa mwingi inachungulia mapema. Ongeza udongo mpaka vinundu vifunikwe, basi.

Bi Salma (Maskati)

Bibie, mie nimezaliwa Unguja, nipo huku Maskati, na joto unalolia nalo wewe sisi tunaliita majira mazuri. Huku Juni inapita 40. Tungule hatuthubutu kupanda kiangazi. Tunasia mwezi wa tisa, tunakula tungule Disemba mpaka Machi, na jua likirudi kuwa kali tunang'oa tunapumzika. Kwa hivyo hayo aliyosema Fundi ya majira ni kweli kabisa.

Lakini hapo kwenye machipukizi simfuati. Atakwambia uyakate yote ubakishe shina moja lipande kamba. Kwenye jua letu mti uliokatwakatwa unaachia matunda wazi, yanaungua upande mmoja, yanakuwa na doa jeupe kama karatasi. Mie naacha mashina mawili, mara nyengine matatu, na majani ya juu siyagusi. Ya chini tu, yale yanayogusa udongo, ndiyo nayaondoa.

Na jengine, maua yakifunguka yatikise. Saa tatu au saa nne asubuhi, chavua ikiwa kavu, gonga kwa kidole ile kamba uliyofungia mti. Nyuki wa asali hana kazi hapo, maana ua la nyanya linataka mtikisiko. Kule nyumbani mnayo yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa boriti za paa. Yakija usiyafukuze, hayo ndiyo mafundi wa ua hili.

Fundi wa Kinyerezi

Bi Salma, sikusema shina moja, umenisingizia mapema. Ila nakubali, kwa nyanya cheri mashina mawili ni sawa, na ukuta wa Mama Nasra jua linautoka saa sita kwa hiyo hataungua sana. Mimi nafunga kamba ya katani kutoka kwenye kenchi, naishusha mpaka kwenye ndoo, mti nauzungushia kamba unavyokua. Vijiti vifupi vya mpapai au mtama sahau, nyanya nyingi za aina hii hazina breki, zinapita kimo cha mtu.

Kitalu_Tengeru

Nimesoma kote, mengi ni sahihi. Naongeza upande wa wadudu kwa sababu hakuna aliyegusa, na kwa mtu wa ndoo hapo ndipo msimu unapotekwa.

Kwanza kantangaze. Huyu ni nondo mdogo wa kijivu asili yake Amerika Kusini, aliyethibitika Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama yake na kuacha kidirisha cheupe. Ukiliinua jani kwenye mwanga unamwona humo ndani na kinyesi chake cheusi. Baadaye anatoboa tunda pale kwenye kikonyo. Kwa shamba ni msiba, kwa ndoo kumi ni kazi ya dakika chache kila asubuhi: jani lenye kidirisha kata, tumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Usilitupe chini, kiwavi anatoka anaendelea na safari. Dawa za dukani kwa bustani ya nyumbani mimi siziungi mkono, kwanza wengi wa hao wameshazizoea, pili kuna mtoto anachuma na kula hapo hapo.

Pili ni rasta. Majani ya juu yanajikunja kama kikombe, yanakuwa madogo na manjano kingoni, mti unadumaa. Hiyo ni virusi, na anayeisambaza ni inzi mweupe. Mti wa rasta hauponi. Ng'oa hata kama ni Diamond. Na hapa namkumbusha Fundi: chipukizi linabeba utamu wa mama na pia linabeba virusi vyake. Chukua kwenye mti usio na jani hata moja lililojikunja. Miche ikiwa bado kwenye chupa, ifunike kwa kipande cha chandarua cha zamani, matundu madogo kadiri unavyopata; umri huo ukiambukizwa hutaona tunda.

Mbegu za kikasha nazo mimi zinanitia mashaka kidogo. Yapo magonjwa yanayosafiri juu ya mbegu, na ile njia ya glasi siku mbili inapunguza baadhi, haimalizi. Anayeweza anunue pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Siyo lazima chotara; akipata aina ya kawaida, isiyo F1, atahifadhi mbegu yake mwenyewe mwaka hadi mwaka.

Kibuyu, maganda ya mayai hayana dhambi, ila yanachukua muda mrefu sana kuoza. Watu wanayaweka kwa sababu ya tunda kuoza kitako. Kitako mara nyingi kinaoza kwa sababu ya maji, leo ndoo imekauka kesho imefurika, mti unashindwa kupeleka kalisi, yale madini yaliyomo kwenye maganda ya mayai, kwenye tunda hata kama imejaa udongoni. Na hizi ndogo huugua hivyo kwa nadra, zenyewe hupasuka. Dawa ni ile ile: matandazo juu ya ndoo, nyasi kavu au pumba za mpunga, na maji ya kiasi kilekile.

Kibuyu

Nimeelewa. Lakini majivu sijashindwa.

Njeri wa Limuru

Hamjambo jamani. Mimi shida yangu ni kinyume cha zenu. Huku Limuru mwezi wa saba ukungu unatanda hadi saa nne, mbegu naweka na wiki mbili zinapita sioni kitu. Zimeoza ama?

Kitalu_Tengeru

Dada Njeri, fukua moja utazame. Ikiwa ngumu bado iko hai, imekosa joto tu. Mbegu ya nyanya inapenda udongo wa nyuzi 20 hadi 30. Hapo inatoka siku tano hadi kumi. Chini ya nyuzi 15 inaweza kukaa muda mrefu sana. Weka trei juu ya friji au karibu na jiko mpaka uone ya kwanza, mbegu isizame zaidi ya sentimita moja, na ikichomoza tu ipeleke kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Kwako adui atakuwa bakajani chelewa, madoa meusi yenye mafuta yanayoteketeza mti kwa siku chache kukiwa na baridi na unyevu. Ukiweza panda chini ya upenu, jani lisiloloweshwa na mvua linaugua kwa shida. Na usisie Julai. Ngoja Agosti iishe.

Njeri wa Limuru

Asante sana. Kumbe nilikuwa nazidishia maji nikidhani ni kiu.

Mama Nasra

Asanteni wote, nimenakili kwenye daftari la mapishi. Swali langu la mwisho kabla sijawachosha: kunguru. Huku ni wengi, wanachukua hata sabuni. Nyanya zikiiva nitabakiwa na kitu?

Fundi wa Kinyerezi

Kunguru na shorewanda wote wanangoja wekundu, kwa hiyo usingoje nao. Nyanya ikishabadilika kutoka kijani kuwa na wekundu hafifu au uchungwa upande mmoja, imeshamaliza kuchukua karibu kila kitu kutoka kwa mama yake. Chuma, weka kwenye sahani mezani, siku tatu nne inaiva vizuri na ladha haipungui sana. Usiitie friji, baridi inaua harufu. Kichala kinaanza kuiva juu kwenye shina kwenda nchani, hivyo chuma moja moja kila asubuhi, usikate kichala kizima. Chache za juu kabisa waachie kunguru, zile za chini zivalishe neti ya vitunguu, funga mdomo kwa uzi. Na mtoto mwambie sheria ni hiyo hiyo.